Fundi Aliyesikiliza Chuma

Ukimwuliza Fundi kwao ni wapi, alikujibu "Yeongdo," kisha akatulia akusubiri ushangae. Ukishangaa, alifurahi, akakueleza kwamba ni kisiwa kilicho ndani ya mji wa bandari wa Pusan, huko Korea, kimeunganishwa na mji kwa daraja, na kwamba kila nyumba ya kisiwani inakula kwa meli: huyu anaunda, huyu anakarabati, huyu anavua, na yule anamngoja aliyekwenda kuvua. Usiposhangaa, alikuona huna adabu. Kiswahili chake kilikuwa cha pwani, kisafi, lakini pwani ipi hatukukubaliana. Watu wa Tanga waliokuwa Brussels walisema ni wao, watu wa Mombasa wakasema hapana, yule ni wetu, na yeye hakumkatalia mtu. Nilimjua miaka sita, na habari za wazazi wake sikuzipata hata robo. Alikuwa ameamua kwamba maisha yake yalianza siku aliyovuka daraja la Yeongdo na mfuko wa nguo begani, nasi tukamwachia.

Watanzania tulimwita Fundi. Warundi na Wakongo walimwita Tonton, yaani mjomba kwa Kifaransa. Alikaa vyumba viwili vya chini katika jengo letu la Molenbeek, Brussels, mtaa wa tatu kutoka mfereji mkubwa wa vyombo. Mimi na mume wangu tulikuwa ghorofa ya tatu. Mume wangu alikuwa anasoma. Mimi nilifanya kazi hospitali kule Jette, kwanza ya kupiga deki, baadaye ya kuwasaidia wauguzi wodini. Kwa kuwa Kifaransa changu kilinyooka kuliko cha wengi jengoni, nikawa mkalimani wa kila mtu: barua za manispaa, daktari wa meno, mwalimu wa watoto, ugomvi na mwenye nyumba. Mkalimani hujua mengi ya watu. Niliyoyajua niliyafunga mdomoni, na sifa hiyo ya kutunza siri niliipenda kuliko ilivyostahili.

Kazi yake ilikuwa kutengeneza mabomba ya joto, matangi ya maji, reli za ngazi, milango ya chuma, na mara mojamoja matishari, vile vyombo virefu, bapa, vinavyopita mferejini na mchanga au makaa. Mfukoni mwa koti alikuwa na nyundo ndogo yenye makali huku na huku, aliyokuja nayo kutoka Yeongdo. Hakugusa kitu kabla ya kukigonga. Aligonga mara tatu, akaacha, akainamisha kichwa, akasogea kidogo, akagonga tena. Chuma kizima kinakujibu, alisema, na chuma kilicholiwa na kutu kinameza sauti. Watu walioita fundi aje haraka walikereka kumwona mzee amepiga magoti jikoni kwao anasikiliza bomba, lakini alipomaliza kusikiliza, ufa ulikuwa palepale alipoweka kidole.

Rangi aliichukia. Mwaka mmoja mwenye nyumba alipaka reli yote ya ngazi rangi ya kijani, kwa kuwa wakaguzi walikuwa wanakuja, na kwa kweli ilipendeza. Fundi akashuka asubuhi kwenda kununua mkate, akaitazama, akatoa nyundo. Kufika kituo cha kwanza cha ngazi alikuwa amekwisha kutoboa matundu manne, bila kutumia nguvu, kwa kugonga tu. Mwenye nyumba alipiga kelele kwa lugha mbili. Fundi akaniomba nimfasirie hivi: kwamba yeye hajaharibu kitu, amefungua tu dirisha. Sikufasiri hivyo. Nilisema anaomba radhi na atachomelea bure, naye akachomelea, akidhani ameshinda.

Polisi nao walimsimamisha siku moja kando ya mfereji, wakampapasa, wakakuta nyundo. Hakuwa na Kifaransa cha kutosha kueleza. Akawaongoza kwenye nguzo ya kufungia vyombo, akaigonga, akawaonyesha kwa mkono wasikilize, akagonga na ya pili yake. Alisema mmoja wa wale polisi aliomba nyundo ajaribu mwenyewe, na kwamba alikuwa na sikio zuri. Sijui kama ni kweli. Fundi alipenda kukuta sikio zuri mahali pasipotarajiwa, na asipolikuta aliweza kulitunga.

Hadithi yake kubwa, aliyoisimulia kwenye harusi na kwenye matanga bila kubagua, ilikuwa ya wanawake wa kisiwa kile. Meli ikipandishwa kwenye chelezo, pale inapokaa nje ya maji ili itengenezwe, ubavu wake huwa umevaa kutu na makome. Basi wanawake waliofunga vitambaa kichwani huteremshwa kwa kamba, wameketi juu ya ubao, kila mmoja na nyundo yake, wakaigonga meli tangu asubuhi mpaka jioni, kang-kang, kang-kang, mpaka mtaa mzima ukapewa jina la mlio huo. Wengi wao walikuwa wajane: wa vita, au wa bahari. Wanaume walichomelea na kutoa amri. Fundi alisema hajaona kazi ya heshima kuliko ile, na aliposema hivyo macho yake yalilowa, kisha mtu akauliza yeye alikuwa nani pale, naye akajibu, "Mimi? Chief injinia."

Haikuwa kweli. Siku moja alipokuwa amelala chali chini ya sinki langu, ulimi ulimteleza. Meli aliyokuja nayo ilizuiliwa Pusan baada ya mwenye meli kufilisika, mabaharia wakatawanyika, yeye akabaki. Hakuna aliyempa kazi ila msimamizi wa wagonga kutu, mama mmoja mfupi aliyekuwa amepungukiwa na mtu. Miaka sita Fundi alikaa juu ya ubao, mwanamume peke yake kati ya wanawake kumi na mmoja. Walimcheka mwezi mzima, kisha wakamfundisha. Yule msimamizi alikuwa akimpiga kifundo cha mkono kwa mpini wa nyundo kila aliposema bati ni zima kabla hajalisikiliza sawasawa. Aliponieleza hayo alitoka chini ya sinki, akanitazama, akasema, "Hili libaki hapa." Likabaki. Kwenye harusi iliyofuata akawa chief injinia tena, nami nikapiga makofi na wengine.

Ndivyo alivyokuwa. Aliwasifu wale wanawake kwa moyo wake wote, na angekufa kwa aibu kama ingejulikana kwamba alikaa nao ubao mmoja.

Ijumaa alikuwa msikitini safu ya mbele, kanzu imepigwa pasi. Papo hapo aliishi kwa hofu ya bibi wa mlimani. Kisiwani Yeongdo kuna mlima, na wenyeji husema mlimani kuna bibi anayekilinda kisiwa, bibi mwenye wivu. Mtu akihama mbele ya macho yake, hamalizi miaka mitatu kabla ya kuharibikiwa. Ndiyo maana wenye akili huhama gizani. Fundi alihama saa nne asubuhi, jua linawaka, na juu ya daraja akageuka akapunga mkono. Kila kilichomwendea kombo Ubelgiji alimtupia bibi yule: kibali kilichochelewa, jino lililooza, duka la vyuma chakavu alilofungua na kulifunga mwaka huohuo. Nilimwuliza hayo mawili yanakaaje pamoja, msikiti na bibi. Hakuona tatizo. Mungu ni Mungu, alisema, na yule ni bibi tu, lakini ni bibi mkali.

Kilichomleta karibu nasi hasa ni ndoo. Aliiweka kibarazani nyuma, ya plastiki, yenye kifuniko, na ndani yake kabichi, chumvi, vitunguu saumu, tangawizi na pilipili nyekundu vikichachuka wiki kwa wiki. Kimchi hiyo, alivyofundishwa na wenzake wa ubaoni. Harufu ilipanda ngazi. Wanawake wawili wa ghorofa ya kwanza walishutumiana kwa uchafu wa vyoo mwezi mzima, na mwenye nyumba akaleta mtu wa kutafuta panya aliyekufa. Ndoo ilipogunduliwa, Fundi hakuona haya hata kidogo. Alimpelekea kila mmoja bakuli. Mume wangu aliliweka letu nje ya dirisha, akalifunika na kamusi. Siku ya tatu nilimkuta amesimama dirishani anakula kwa ugali wa jana, na tangu hapo tukawa wateja.

Mmoja wa wale wawili wa ghorofa ya kwanza alikuwa Maman Zaituni, Mrundi kutoka Bujumbura, aliyefika na watoto wanne baada ya mambo ya kwao kuharibika. Mume alikuwa amebaki njiani, na yeye hakusema zaidi ya hapo. Alifanya usafi kwenye ofisi alfajiri na kuwatunza wazee wa watu mchana. Wote watano walikaa chumba kimoja, safi ajabu, magodoro yamepangwa wima ukutani kila asubuhi kama vitabu. Fundi alimheshimu kuliko sisi wote. Alikuwa akisema angempa nyundo bila kumfundisha.

Sasa niseme habari ya masikio, maana bila hiyo picha hii ni ya mtu mwingine.

Alikuwa akisimulia, tena kwa kicheko, jinsi wanawake wa Yeongdo walivyozeeka. Kufika miaka hamsini masikio yao yalikuwa yamekwisha. Sokoni walinunua samaki kwa kelele kama wanagombana, na waligombana kwa kelele zaidi, na mjukuu akitaka kitu ilibidi amshike bibi yake uso amgeuze. Tulicheka naye. Mwaka 1995 nikaanza kuona kwamba anatazama midomo yetu tunapozungumza. Nilimwuliza kama amekula, akanijibu kwamba mvua itaacha jioni. Redio yake ilisikika mpaka kwangu. Nikamwambia twende hospitalini nilikofanya kazi, wampime, na kwa mshangao wangu akakubali bila ubishi.

Walimwingiza kwenye kijumba cha kioo, wakamvika vipokea sauti masikioni, wakampa kitufe: ukisikia mlio, bonyeza. Nilikuwa nimesimama nje nikimwona. Alikaa wima, kitufe kimekamatwa kwa mikono miwili, na hakubonyeza. Dada aliyepima akadhani hakuelewa maelezo, akaniomba nirudie kwa lugha yetu. Nikarudia. Fundi akasema, "Nimeelewa, mwanangu. Nangoja." Dada akaendelea kubonyeza upande wake, mashine inaonyesha taa, na Fundi anangoja. Alibonyeza mara chache tu, mwishoni, milio ilipokuwa mizito na mikubwa.

Daktari alisema sauti nyembamba zimekwisha, masikio yote mawili, ni kelele za kazi, na hazitarudi. Vifaa vya kuvaa vitamsaidia kusikia watu. Fundi alikuwa na swali moja tu, nimwulize kama atasikia chuma. Daktari hakuelewa. Nikaeleza habari ya nyundo, ya chuma kinachojibu na kinachomeza. Alifikiri kidogo, mtu mwema, akasema tofauti ya namna hiyo hapana, hataisikia tena. Nilifasiri neno kwa neno. Hiyo ndiyo fasiri ngumu kuliko zote nilizopata kufanya, na niliifanya vizuri.

Kwenye metro ya kurudi alikaa akitazama viatu vyake. Tulipokaribia kushuka akanishika mkono, akasema niape kwamba sitamwambia mtu yeyote, hata mume wangu. Niliapa papo hapo. Nakumbuka kwamba nilijisikia mkubwa. Vile vifaa alivipokea wiki chache baadaye, akavitia kwenye droo pamoja na bisibisi.

Mwenye nyumba alimwandikia Maman Zaituni barua mwanzo wa majira ya joto. Chumba kile ni cha watu wawili, wao ni watano, atoke kabla ya mwisho wa Septemba. Nilimfasiria, kisha nikazunguka naye kutafuta. Tulikwenda Jette, tulikwenda mpaka Woluwe upande wa pili wa jiji. Kwenye simu nyumba ilikuwepo. Tukifika, wakiuliza idadi ya watoto, ilikuwa imepangishwa dakika ileile. Kufika Agosti alikuwa amekonda. Ofisi ya manispaa ilimwambia kwamba kama hana makazi, watoto wanaweza kuwekwa mahali kwa muda, wawili huku na wawili kule. Jambo hilo alilikataa kwa kichwa tu.

Ndipo likatokea tishari. Mwenyewe alikuwa Mflemi mzee, Mbelgiji wa kaskazini, aliyebeba mchanga miaka arobaini na sasa magoti yamekataa. Mbele lilikuwa na chumba cha kulala, jiko, dirisha lenye pazia la nyavu. Sehemu ya mizigo ilikuwa tupu, kubwa kuliko nyumba yetu nzima. Alikuwa tayari kumwachia Maman Zaituni kwa bei ya kumsaidia, maana aliwapenda watoto. Alisema kweli, kwamba chombo ni cha zamani na yeye mwenyewe hajui tumbo lake likoje. Akalipandisha kwenye chelezo kidogo kaskazini ya jiji, siku mbili, ili anayetaka kukagua akague.

Bila shaka aliitwa Fundi. Nani mwingine?

Tulikwenda wanne: Maman Zaituni, Fundi, kitinda mimba aliyebebwa mgongoni, na mimi wa kuzungumza na Mflemi. Ilikuwa asubuhi ya baridi yenye jua. Lile tishari lilikaa juu ya magogo, limepakwa lami nyeusi chini, linang'aa. Fundi alivua koti, akalikunja, akatoa nyundo. Alikwangua lami mahali, akagonga mara tatu, akaacha, akainamisha kichwa. Akasogea, akagonga. Alikizunguka chombo kizima hivyo, muda wa saa mbili, na mtu yeyote angesema huyu ndiye fundi, tazama kazi. Lakini mimi niliona kitu ambacho sikuwahi kumwona akifanya. Baada ya kila kugonga, alikuwa akiweka kiganja chake juu ya bati, haraka, kama anayefuta vumbi. Alikuwa anatafuta kwa mkono alichokikosa sikioni.

Alipomaliza, Maman Zaituni alisimama mbele yake.

"Tonton," alisema, "miye sijue mambo ya bateau. Weye njo fundi. Uniambie tu: watoto wangu wanaweza lala mule, ao hapana?"

Fundi alimtazama mdomo mpaka alipomaliza. Kisha akanitazama mimi, kitambo kidogo tu. Kisha akamwambia, "Ni zima."

Nilikuwa hatua tatu kutoka hapo. Mtoto mgongoni alikuwa anacheza na mkufu wa mama yake. Nilijua kwamba neno lile halikutoka kwenye chuma. Nilijua, na nilikuwa na ulimi wa lugha nne. Nikamgeukia Mflemi nikamfasiria kwamba chombo ni kizima.

Wiki ileile baada ya karatasi kutiwa sahihi na tishari kuteremshwa na kufungwa kwenye mfereji wetu, Fundi akamfuata Maman Zaituni akaomba ufunguo. Kuna kazi ndogo ndani, alisema, na mtu hafanyi kazi ile watoto wakiwamo. Badala yake akampa ufunguo wa vyumba vyake viwili: kaeni humu, ni kwa muda. Akabeba ndoo yake, godoro na jiko la mafuta, akahamia chomboni. Mwenye nyumba hakuambiwa. Watoto walifundishwa kutembea kwa soksi.

Siku zikawa wiki, wiki zikawa miezi. Kila Maman Zaituni alipouliza, jibu lilikuwa bado kidogo. Jengo likaanza kusema. Wapo waliosema mzee ana akili, amebadilisha vyumba viwili vyenye ukungu kwa nyumba ya majini. Wapo waliosema amemwonea mwanamke asiye na mume. Mume wangu, ambaye hasemi watu, alisema haelewi. Nami nilikuwa na la kusema, lakini nilikuwa nimeapa, na mtu aliyekwisha kunyamaza mara moja huona kunyamaza mara ya pili ni uaminifu. Sikwenda kumtembelea msimu ule wote. Nilijiambia kwamba zamu zimekuwa nyingi. Ukweli ni kwamba niliogopa kuona maji.

Mwezi wa tatu wa mwaka uliofuata mwenye nyumba akagundua. Aliwakuta watoto wanne mlangoni kwa Fundi wakivaa viatu, akawahesabu kwa kidole, akatoa wiki mbili. Maman Zaituni alipanda mpaka kwangu, akasimama mlangoni bila kuketi.

"Twende unisemee," alisema. "Miye akiniambia tena 'bado kidogo,' nitamutukana, na sipende kumutukana muzee. Donc utaingia weye. Mwambie nataka bateau yangu."

Tukaenda na watoto wote, maana hakuwa na wa kumwachia. Wao walibaki juu, ukingoni mwa mfereji. Mimi nikapita ubao, nikateremka ngazi.

Fundi alikuwa amepungua. Alikuwa amepiga magoti sehemu ya mizigo, na mbele yake, kuanzia ukuta mpaka ukuta, alikuwa amefungua mbao za sakafu na kutandika magazeti juu ya mabati ya chini, kurasa kwa kurasa, zimepangana sawa, kila moja na namba ya chaki. Sikumwita, kwa kuwa ningemwita bure. Nilizunguka nikasimama mbele yake. Aliponiona hakushtuka. Akainuka kwa kushika goti, akanionyesha kwa mkono, kama mwenye shamba anavyomwonyesha mgeni shamba.

Akanieleza. Kila jioni alitandika magazeti, kila asubuhi aliyapapasa, moja moja. Gazeti likilowa, bati la chini yake linavuja, hata kama ni tone. Mwezi wa kumi na mbili lililowa moja, upande wa nyuma. Mwezi wa kwanza, barafu ilipokaza mfereji, likalowa la pili, karibu na jiko, mahali ambapo watoto wangelala kwa ajili ya joto. Alichomelea mwenyewe, akaziba yote mawili kwa bati jipya. Tangu hapo siku arobaini na tatu, makavu. Alisema kule Yeongdo mgonga kutu aliyesema bati ni zima ndiye aliyeshushwa chini ya meli, na taa, siku maji yaliporudishwa kwenye chelezo. Hapo alikaa mpaka meli ielee. Kama amekosea, yeye ndiye wa kwanza kulowa.

"Sasa ni zima," alisema. "Siku ile nilisema tu."

Nilimwuliza, nikitamka taratibu aone midomo yangu, kwa nini hakumwambia Maman Zaituni kwamba hasikii. Alikaa kwenye ndoo. Alisema aliangalia yule mtoto mgongoni, akafikiri wale wa manispaa, wawili huku na wawili kule, akafikiri pia kwamba fundi asiyesikia si fundi, ni mzee tu mwenye nyundo. Alisema hajui lipi kati ya hayo lilimfanya aseme. Angependa liwe la kwanza.

Nilimhurumia sana. Nikadhani tumemaliza, nikageuka kuelekea ngazi nikamwite mama wa watu. Akanishika mkono wa koti.

"Na wewe?" aliuliza. "Mimi nilikutazama. Nilingoja useme."

"Uliniapisha, Fundi."

Alinitazama mdomo, akahakikisha ameona sawasawa.

"Nilikuapisha kwa ajili ya mtu mmoja," alisema. "Wale watoto ni wanne."

Hakusema kwa hasira. Alisema jinsi angemwambia mteja kwamba bomba hili halifai.

Nikapanda juu. Maman Zaituni alikuwa ameketi kwenye jiwe la ukingoni, watoto wamempanga kushoto na kulia. Nilimwambia yote palepale, mbele yao, kuanzia kijumba cha kioo: kwamba Fundi hasikii, kwamba nilijua tangu kabla ya siku ya kukagua, kwamba aliposema ni zima nilinyamaza, kwamba ndani yametandikwa magazeti na ni makavu. Alinisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza. Akautazama ule ubao wa kupitia, akawatazama wanawe.

"Bon," alisema. "Watoto watalala mule leo. Na weye utalala nabo, pale chini."

Nikaenda nyumbani kuchukua blanketi.